Kizibo cha Shangazi Anastazia

Naikumbuka siku mama yangu alipopanda kilima chetu na mtungi wa maji kichwani, mimba imemjaa hadi kifuani, na nyumbani kwetu kulikuwa na pampu. Sikiliza hapo, mwanangu. Pampu ilikuwapo. Kisima kilikuwa nyuma ya jiko, na maji tele ndani yake. Wanaume wazima walikuwa wamelizunguka pipa wakijadiliana kwa heshima na taadhima, na mama anapanda na mtungi. Meno yangu yamekwisha kwenda, lakini nikiikumbuka siku hiyo bado natamani kumrushia mtu kitu.

Umekuja kwangu kunung'unika kwamba robine, lile bomba la kufungulia maji nyumbani kwako, inadondosha maji badala ya kumwaga. Umeshamlaumu fundi, umeshamlaumu jirani, umefungua hiki na kukaza kile. Haya, kaa chini. Nitakupa habari ya maji ya kwetu, na usinikatize, maana ninyi vijana mtu akianza neno mmeshalimalizia.

Kwetu ni kule juu, milimani Masisi, kwenye ukungu na nyasi za ng'ombe. Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na vita yao kubwa ya Ulaya ilikuwa imekwisha miaka kadhaa nyuma. Maji tulichota bondeni. Njia ya kwenda huko ilikuwa udongo mweusi ambao hata mbuzi aliuogopa mvua ikinyesha. Mama aliwahi kuanguka kwenye njia hiyo akiwa na mimba iliyonifuata mimi, na mimba ile ikatoka. Baba hakulia mbele ya watu. Alichukua jembe, akamwita jirani yetu Papa Bahati, mkulima wa viazi na maharagwe, wakachimba kisima.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akifanya kazi machimboni kule Walikale, upande wa Omate, ambako pampu za mkono zilitumika kukausha mashimo. Akatuletea moja kuukuu, pamoja na mabomba na pipa la chuma, na baba akamshukuru kwa mtamba mzuri wa ng'ombe. Mjomba akalipandisha pipa juu ya nguzo. Ukisukuma mkono wa pampu, maji yalipanda kutoka kisimani hadi pipani. Ukifungua robine ya jikoni, au ile ya kijumba cha maziwa, yalishuka yenyewe. Juu ya pipa kulikuwa na matundu mawili: kubwa, lililobanwa kabisa na bomba la kuingizia maji, na dogo la kuingia kidole gumba, ambalo ukilitazama huoni kazi yake. Mjomba alipomaliza alirudi Walikale.

Na maji yakatoka, mwanangu! Mama alifungua robine, akafunga, akafungua tena, akacheka peke yake. Baadaye akapata mimba nyingine, na muuguzi wa hospitali ya Kirotshe, kule chini kando ya ziwa, akamwambia asibebe kitu kizito tena, hata kuni. Baba aliporudi naye akatangaza kwa kila mtu njiani, "Maji iko nyumbani. Atabeba nini?"

Ndipo akaja Shangazi Anastazia.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliishi mlima wa pili, alikuwa na mizinga ya nyuki na rozari ndefu, na alikuwa na macho yanayoona vumbi kabla halijatua. Kwetu shangazi si mgeni. Yeye ndiye anayempokea mtoto wa kaka yake na kumtamkia jina. Na watu waliamini, ingawa Jumapili sote tulijaa kanisani, kwamba shangazi akiwa na kinyongo na nyumba ya kaka yake, mtoto hazaliwi salama. Mimba ile iliyotoka, wapo walionong'ona kwamba Shangazi alikuwa amechukizwa na mambo ya ndama fulani wa mahari. Hakuna aliyemuuliza kama alichukizwa kweli. Kunong'ona kulikuwa rahisi zaidi.

Basi alikuja kuiona pampu baada ya Pasaka, akapanda ngazi mwenyewe, akachungulia juu ya pipa. Akaona lile tundu dogo liko wazi, na mdudu anatembea kando yake. Sasa wewe hukukulia kwenye ng'ombe, lazima nikueleze: kwetu chombo cha maziwa hakiachwi mdomo wazi. Mwanamke akiacha kibuyu bila kifuniko, wakwe wataizungumza habari hiyo hadi azeeke. Shangazi akashuka amekunja uso.

"Maji ya mutu ya mimba," akasema, "munaiacha kinywa wazi? Siku mujusi ataanguka mule, njo mutajua."

Akachonga kizibo cha mti mgumu, akakivika ngozi, akakipaka nta ya nyuki wake, akakigongelea kwenye tundu kwa jiwe mpaka kikazama. Kisha akafanya ishara ya msalaba juu ya pipa na kumbariki mtoto aliye tumboni. Baba akamshukuru. Mama akamletea maziwa. Ilikuwa kazi ya upendo kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Tangu siku hiyo mkono wa pampu ukawa mzito. Ukisukuma mara chache unakataa, unakurudisha nyuma. Na ukifungua robine, maji yanaruka kwanza kwa kishindo, yanapiga ukuta, halafu yananyong'onyea, yanadondoka tone kwa tone, huku pipa likiguguma kule juu, gulu, gulu, gulu. Ukienda kuligonga unasikia maji yamo. Yamo, lakini hayatoki. Ndoo moja ilijaa kwa muda ambao mtu angekwenda bondeni na kurudi.

Mama alijua siku ileile. Alikuwa msukaji wa maziwa, na mtu aliyesuka siagi maisha yake yote, akifungua kibuyu kila mara kipumue, hajifunzi mambo ya hewa kutoka kwa mtu. Nilikuwa naye kwenye kijumba cha maziwa alipomwita baba. Alijaza maji kwenye kibuyu chenye tundu dogo kitakoni, akaziba mdomo kwa kiganja. Maji yalitoka kidogo kule chini, yakakoma. Akainua kiganja, yakamwagika. Akaziba, yakakoma.

"Unaona, Papa Furaha?" akasema, akimwita baba kwa jina langu. "Pipa haipumue. Ni ile kizibo."

Baba alikitazama kile kibuyu muda mrefu. Aliona, mwanangu! Baba yangu hakuwa mjinga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ile kizibo iko mukono ya dada yangu. Alibariki nayo mutoto. Tukiitoa, atakuya kuona, atasema tumetupa baraka yake. Na wewe uko karibu kuzaa. Unataka aumie roho sasa?"

"Hapana," mama akasema.

"Basi tutatafuta njia ingine."

Njia nyingine! Hapo ndipo upumbavu wetu ulipoanza rasmi. Kosa la maji lilikuwa dogo, la kutoa kwa kisu. Lakini kwa kuwa lile dogo halikuweza kutajwa, ilibidi watafutwe wakosaji wengine, na wakosaji wengine hawakuwapo.

Baba mdogo akaja, akasema ngozi ya ndani ya pampu imekauka. Mtu wa ng'ombe, dawa yake ya kila kitu ni siagi. Wakaifungua pampu, wakaipaka siagi ile ngozi, na asubuhi baridi ya Masisi ikaigandisha, ikabidi wachemshe maji ya kuiyeyusha. Tulikunywa maji yenye harufu ya siagi mpaka nikaichukia. Mwalimu wa dini akaja, akashauri pipa linyanyuliwe zaidi, maji yapate mteremko. Nguzo zikakatwa upya, pipa likashushwa, likapandishwa, wanaume wakapiga kelele siku nzima, na mwisho wake pampu ikawa nzito kuliko jana. Na Papa Bahati, maskini wa Mungu, yeye alihisi kisima kimejaa tope. Akateremka kwa kamba, akachota tope asubuhi yote, akatoka anatetemeka, meno yanagongana. Baba akamshika mkono, akamshukuru, akampa maziwa ya moto. Alijua! Alijua kwamba tope halina kosa, na akamwacha mtu wa watu ateremke. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu wageni walikuja mfululizo, na mwenyeji akazidi kuugua kwa adabu zake.

Niliwahi kumuuliza mama, "Juu ya nini musimuambie tu Shangazi?" Akanitazama kana kwamba nimetukana. Akasema mke hamkosoi dada wa mume wake. Nikasema basi baba amwambie. Akasema ndugu mdogo hamkosoi mkubwa. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri, na kila sababu ilikuwa na heshima ndani yake. Ukizikusanya zote pamoja, ilikuwa kama kumwambia mwanamke mjamzito ashuke bondeni. Na ndivyo ilivyokuwa, maana vyombo vya maziwa vilitaka kuoshwa, ndama walitaka maji, na mimi peke yangu sikutosha. Mama akaanza kwenda. Kwanza na mtungi mdogo. Halafu na ule wa kawaida.

Siku ninayokuambia, mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nyuma yake na mtungi wangu. Tulipofika kwenye kona, palepale alipowahi kuanguka zamani, mguu wake ukateleza. Mtungi ukaruka ukapasuka. Yeye akaangukia magoti, akajishika kwenye nyasi, akabaki hivyo, hasemi, hasogei. Nikaona damu kwenye goti lake, nikaanza kulia, maana sikujua kama damu ni ya goti tu.

Na kutoka juu, fimbo mkononi, anashuka Shangazi Anastazia. Alikuwa anakuja kutusalimia.

Hakupiga kelele. Aliitupa fimbo, akaketi kwenye tope na kitenge chake kizuri, akaweka kiganja kwenye tumbo la mama. Akangoja. Nami nikangoja. Sijawahi kungoja vile tena maishani mwangu, na nimengoja mengi. Midomo yake ilikuwa inasali bila sauti. Kisha kiganja chake kikainuka kidogo, kikasukumwa kutoka ndani. Mtoto alikuwa amecheza.

"Mungu iko," akasema Shangazi. Ndipo akakasirika. "Mama Furaha! Pompe iko nyumbani. Unabeba maji ya nini?"

Na mama yangu, goti likitoka damu, tope hadi kiunoni, akajibu, "Nilitaka tu kunyoosha miguu, Mama."

Kunyoosha miguu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Shangazi akamshika mkono, tukapanda polepole. Nyumbani tuliwakuta wote watatu pamoja na baba: baba mdogo mikono imelowa siagi, mwalimu wa dini anapima nguzo kwa macho, Papa Bahati anakunja kamba yake kwa ajili ya kuteremka tena. Robine ya jikoni ilikuwa wazi, inadondoka.

"Ile pompe ilikufa?" Shangazi akauliza.

"Haikufa, dada," baba akasema. "Iko tu na nguvu kidogo."

"Tangu siku gani?"

Baba akatazama kisima. Mwalimu wa dini akatazama viatu vyake. Shangazi akauliza mara ya pili, na sauti ilikuwa imebadilika. Hapo mama akauachia mkono wake, akasimama peke yake. Nadhani ile kona ilikuwa imeondoa kitu ndani yake.

"Tangu uliweka kizibo, Mama," akasema. "Pipa haipumue. Njo maana."

Baba akafunika uso wake kwa mikono miwili.

Shangazi alivua viatu, akachukua kisu cha jikoni, akapanda ngazi. Alikwangua nta, akachokonoa ngozi, akatukana kidogo, Mungu amsamehe. Kizibo kilipotoka, pipa likavuta pumzi ndefu, fyuuu, sote tukasikia. Na jikoni, ile robine iliyokuwa inadondoka ikamwaga maji, yakapiga beseni, yakafurika, yakatoka hadi mlangoni. Hakuna aliyekwenda kuifunga.

Akashuka ameshika kizibo.

"Mulijua?"

"Tulijua, dada," baba akasema.

"Nyote?"

"Mimi sikujua, Mama," akasema Papa Bahati kwa unyonge. "Mimi nilitoa tu matope."

Ningecheka kama ningethubutu. Papa Bahati alimgeukia baba, akamtazama, akaitupa kamba chini. Alikaa majuma kadhaa bila kuja kwetu, na simlaumu.

"Juu ya nini hamukuniambia?" Shangazi akauliza.

Baba akasema kweli, hatimaye. "Tuliogopa utakasirika. Na mutoto iko karibu kuzaliwa."

Nilidhani atampiga kwa kile kizibo. Badala yake alitutazama mmoja mmoja, na macho yake yakajaa machozi, na hilo lilitutisha kuliko fimbo.

"Kumbe mulinifanya muchawi," akasema. "Kila siku munanipa kiti, munanipa maziwa, 'Shangazi, Shangazi', na ndani ya roho munasema huyu ataua mutoto yetu. Ule mutoto alipotea, nilimulilia peke yangu kule mulimani. Hakuna mutu alikuya kunipa pole. Leo njo nimejua sababu."

Lile lililonong'onwa miaka yote lilikuwa limesimama katikati ya kiwanja, na kila mmoja wetu alilifahamu.

Kisha hasira ikamrudia, na nikashukuru. "Sasa nimekasirika! Munaona? Njo hii munaogopa? Nimekasirika, na dunia haikuanguka. Uso yangu na mutoto ya kaka yangu, gani iko mukubwa? Mimi mutu muzima, nilikosea. Nilifunga tundu kwa kukosa akili. Mutu anakosea, anaambiwa, anatoa! Lakini ninyi mulimuacha mama ya watu ashuke ku mutoni ili mimi nisisikie haya. Nani aliwatuma kunilinda hivi? Na wewe, Furaha," akanigeukia, "uko na kinywa kikubwa cha kuomba asali. Siku hiyo kilikuwa wapi?"

Nilikuwa msichana mdogo, lakini swali lile halikuchagua umri.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mnene, mwenye kelele. Shangazi alimpokea mikononi, akamtamkia jina. Lile tundu likavikwa kipande cha wavu wa nyuki, hewa ikapita, mjusi asipite. Na tangu hapo kila alipokuja kwetu, kabla hata ya kuketi, Shangazi alisimama mlangoni akauliza, "Leo nimekosea nini?" Ole wake aliyejibu kwamba hakuna. Alikaa na kukutazama hadi utafute.

Sasa, mwanangu, nisikilize vizuri, maana hasira yangu si ya bure.

Kitu kilichokuwa kizima kikiharibika, usianze kwa kufungua vyuma. Uliza kwanza: tangu kilipokuwa kizima, ni nini kimebadilika? Karibu kila mtu anaweza kuuliza hilo. Lakini lipo swali la pili, na hilo ndilo linalowashinda watu: ni nani tunaogopa kumwambia? Ukiona nyumba inahangaika, inabadilisha hiki, inanyanyua kile, inawatesa majirani wema, na tatizo liko palepale, jua kwamba jibu linajulikana, ila limekalia kiti cha mtu mkubwa. Mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa karibu kuyaona maneno hayo kwa macho yetu.

Na usinijie na ile methali yenu mnayoipenda, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni ya kweli. Lakini mkuu naye ana magoti, na asiyeambiwa naye huvunjika, na huwavunja walio chini yake. Heshima si utumwa. Heshima ni kumwambia mkubwa kosa lake kwa sauti ya chini, faraghani, na mapema, kabla halijamfikia mtu asiye na hatia. Kunyamaza na kumletea maziwa si heshima. Ni kumhesabu mtu kuwa mbaya kuliko alivyo, kisha kumtabasamia.

Nami nimezeeka. Nawaona mnavyotazamana ninaposema jambo. Nawasikia mkisema, "Mwache Bibi, atakasirika." Nitakasirika, ndiyo! Nitapiga kelele, nitasema mmekosa adabu, nitanuna mpaka jioni. Niambieni hata hivyo. Msinifanye mchawi nyumbani kwangu.

Nenda sasa, mwanangu, na Mungu aende nawe. Akupe kinywa kisichomdhalilisha mtu wala kumwogopa. Akupe nyumba ambayo neno gumu linaweza kuingia mlangoni, likaketi, likapewa maji ya kunywa. Awape wakubwa wako masikio, na siku utakapokuwa mkubwa wewe, akujalie uambilike. Amina.